Kufunga keria juu ya kebini ya pikapu: mwongozo kamili kwa barabara zetu za Nyanda za Juu Kusini

Tuanze na hili maana ndo linaloharibu gari nyingi huku kwetu: bati la juu ya kebini halibebi kitu. Lile bati ni jembamba, halifiki hata milimita moja, kazi yake ni kuzuia mvua na jua basi. Kinachobeba ni nguzo za pembeni, ule mkunjo wa chuma unaopita juu ya milango, na vile vyuma vya kukatiza vilivyojificha juu ya silingi. Kwahiyo uwe umenunua keria ya dukani au unachomelewa pale Sido Mwanjelwa, Mbeya, kazi yako ni moja, kuhakikisha uzito unashuka kwenye nguzo. Ukilishika hilo, yaliyobaki ni spana tu.

La pili, kilo. Pikapu nyingi kitabu chake kinaruhusu kati ya kilo 50 na 100 juu ya paa gari ikiwa inatembea, na hapo uzito wa keria yenyewe umo ndani. Tafuta kitabu cha gari yako uangalie, usiulize kijiweni maana kijiweni kila mtu atakwambia "hii Toyota bana, weka tani". Weka kilo 75 kama mfano: keria ikiwa na kilo 28, mzigo wako umebaki kilo 47, yaani ukipandisha lumbesa moja ya viazi tu (gunia lililojazwa kupita kiasi) ushapita, na umepita mbali sana. Keria ya kebini ni ya vitu virefu na vyepesi, ngazi, bomba za PVC, mabati machache, godoro, tairi ya akiba, turubai, matenga matupu. Viazi na mbolea vikae kwenye bodi, kule nyuma kwa mizigo.

Na mbao nazo ziangalie. Mbao ya mbili kwa nne ya futi 12 ya paini ikiwa mbichi, imetoka kupasuliwa Mafinga juzi, inafika kilo 10 na zaidi. Ukipanga kumi kwa macho unaona kamzigo kadogo, kumbe ushaweka kilo mia na kitu juu ya vichwa vya watu.

Kwanza jua paa lako ni la aina gani

Simama pembeni ya gari uangalie pale mlango unapokutana na paa. Land Cruiser 79 na Hilux za zamani zile za miaka ya 80 zina mfereji wa mvua umetokeza nje, chuma kimekunjwa kikaachwa wazi. Hao ndo wenye bahati. Mfereji ni chuma kigumu kilichounganishwa moja kwa moja na fremu ya juu ya mlango, unabana miguu ya keria pale na hutoboi chochote.

Hilux Vigo, Revo, D-Max, Ranger, L200 mpya na wenzao wana paa laini, mfereji hakuna. Hapo una njia mbili, klempu zinazoshika ukingo wa juu wa mlango kwa ndani, au kutoboa. Ila kabla hujafikiria drili chunguza paa vizuri, baadhi ya gari zina vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ile mistari ya pembeni, ukikifungua kwa bisibisi bapa unakuta sehemu ya kufungia imeachwa tayari kutoka kiwandani. Watu wanatoboa paa sentimita 10 pembeni ya sehemu ambayo mwenye gari ameshailipia.

Wenye singo kebini, paa lenu ni fupi. Fito mbili, zile paipu za keria zinazokatiza paa, zikikaribiana sana mzigo mrefu unacheza kama bembea. Ushauri wangu weka fito moja tu imara juu ya kebini, na nyingine iwe fremu iliyosimama mwishoni mwa bodi, mzigo ulale juu ya hizo mbili. Dabo kebini inatosha fito mbili juu, ziachane sentimita 70 hivi au zaidi kama paa linaruhusu, na ya mbele isisogee mpaka kwenye kioo, iache kama sentimita 20 kutoka ukingo wa juu wa kioo, la sivyo upepo utakupigia filimbi kutoka Uyole mpaka Makambako na pale Makambako ndo utaujua upepo ni nini.

Kununua au kuchomelea

Za dukani za aluminiamu ni nyepesi, zinakuja na mipira yake na karatasi ya maelekezo. Ubaya bei, na miguu mingi inatengenezwa kwa modeli moja tu ya gari, kwahiyo usinunue kwa maneno ya "inaingia zote".

Ya kuchomelea ukisimamia vizuri ni keria nzuri tu. Kosa la mafundi wetu ni kupenda chuma kizito, ukimwambia keria anawaza geti. Piga hesabu mwenyewe kabla hujalipa advansi: skwea paipu ya 25 kwa 25 yenye unene wa milimita 1.5 ina kilo 1.1 hivi kwa mita. Ya 40 kwa 40 unene milimita 2 ina kilo 2.4. Keria ya dabo kebini inakula kama mita 12, kwahiyo ya kwanza inatoka na kilo 13 na ya pili kilo 28 na ushee, hapo miguu bado. Mimi fremu na fito za kati natumia 25, halafu zile fito mbili zinazokaa juu ya miguu ndo nazipa 40 kwasababu ndo zinabeba, na miguu inakuwa flati ba (chuma bapa) ya milimita 6.

Sasa kuna jambo moja fundi atakushauri kwa nia njema kabisa, na ukikubali umekwisha. Atakwambia:

"Bosi, nikuwekee na vyuma viwili vya kushuka huku nyuma tuvichomelee kwenye bodi, haitikisiki hii mpaka unakufa."

Mjibu kwa heshima tu, "Hapana fundi, kebini peke yake, bodi peke yake." Sababu ni hii. Kebini imekaa juu ya mipira yake kwenye chesisi, bodi imefungwa kivyake, na katikati yao kuna nafasi imeachwa makusudi. Chesisi inajipinda. Nenda na gari barabara ya vumbi, ingiza tairi moja ya mbele kwenye shimo halafu mwambie mtu aangalie ile nafasi kati ya kebini na bodi, ataona upande mmoja unabana na mwingine unafunguka. Fikiria sasa unapanda zile kona hamsini na saba kutoka Chimala kwenda Matamba, kila kona chesisi inajinyonga, na wewe umeunganisha kebini na bodi kwa chuma kisichokunja. Kitu lazima kiachie. Mara nyingi inaanza kwa ufa mdogo pale nguzo ya nyuma ya kebini inapokutana na paa, rangi inapasuka kama unywele, kutu inaingia, halafu msimu wa mvua maji yanaanza kushuka kwenye siti na hujui yanatokea wapi. Kama unataka fremu kwenye bodi ifunge kwenye bodi, ya kebini ifunge kwenye kebini, baina yao ipite kamba au mkanda tu.

Na kuchomelea kufanyike chini, keria ikiwa haiko juu ya gari. Cheche za grainda zinajichoma kwenye kioo na hazitoki tena, na umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kuua kompyuta ya gari. Fundi akisema "ni kidogo tu bosi, pointi moja", ishushe.

Mwambie pia azibe ncha zote za paipu, zikiachwa wazi zinapiga mluzi na kujaza maji, halafu upande wa chini atoboe vitundu vidogo maji yakiingia yapate pa kutokea. Redi oksaidi mikono miwili ndo rangi. Fundi akikuharakisha apake rangi juu ya masizi ya kuchomelea kataa, piga brashi ya waya kwanza.

Vifaa

Futi, maka peni, maskingi tepu, seti ya boksi spana, L-ki, drili na biti kali (3, 6, 9 na 11 kama utatumia nati za kupachika, zile zinazojibana kwenye tundu lenyewe), faili ndogo, praima ya chuma, silikoni, mpira wa unene wa milimita 3 mpaka 5 (mpira wa ndani wa tairi ya lori ukikunjwa mara mbili unafaa kabisa), boliti za M8 zenye alama 8.8 kichwani, washa pana, na nati zenye plastiki ndani zile zisizolegea. Na mtu wa pili. Hii kazi usifanye peke yako, keria ikikuteleza mkononi inachora boneti mpaka chini.

Kwenye silikoni ongeza umakini. Ukifungua tyubu ikanuka siki, hiyo ni ya vioo na masinki, inatoa asidi inapokauka na inakula chuma kimyakimya chini ya rangi. Chukua isiyonuka siki au ya aina ya Sikaflex. Nayo inataka muda, ipe masaa 24 bila maji, na Mbeya ya mwezi wa sita na wa saba baridi inachelewesha kukauka kwahiyo fanya saa saba au saa nane mchana jua likiwa limeshika, siyo asubuhi umande bado uko kwenye bati.

Kufunga: gari yenye mfereji

Osha paa lote, na mfereji ukausugue kwa brashi mpaka tope lote litoke, huwa kuna udongo mwekundu umeganda humo tangu gari linunuliwe. Ukikuta kutu, sugua, piga praima, subiri ikauke. Kama kutu imekula mpaka mfereji unabonyea kwa bisibisi, acha kazi, peleka kwa fundi bodi kwanza.

Pandisha keria bila kukaza kitu. Pima kutoka pembe ya kioo cha mbele mpaka mguu wa kushoto, kisha wa kulia, zilingane. Halafu pima kwa mshazari, mguu wa mbele kushoto mpaka wa nyuma kulia, na kinyume chake. Namba mbili zikiwa sawa keria imekaa sawa. Usiamini jicho, paa limepinda na jicho linadanganyika.

Weka mpira kati ya mguu na mfereji, chini na juu. Kaza kwa mkono miguu yote, halafu spana kwa mshazari kidogokidogo kama unavyokaza nati za tairi. Mpira ukianza kutokeza pembeni inatosha. Ukizidisha unaupinda mfereji na ukishapinda haurudi.

Fungua milango yote mpaka mwisho. Kweli fungua. Kuna miguu inakaa vizuri kabisa mpaka siku mtu wa nyuma anafungua mlango unagonga boliti na rangi inabanduka.

Kufunga: klempu za mlangoni

Hizi zinaingiza ndoano chini ya ukingo wa paa pale mpira wa mlango unapolala. Bandika maskingi tepu kote zitakapogusa, weka alama, ndoano ikae kwenye chuma siyo juu ya mpira wa mlango. Karatasi ya mtengenezaji imeandika nguvu ya kukazia, fuata hiyo. Baada ya kukaza funga mlango, usikie kama umebadilika mlio, na pitisha karatasi kati ya mlango na mpira, ikiwa inateleza bila kushikwa maji yataingia. Kwa barabara ya lami na mzigo mwepesi klempu zinatosha. Kwa mtu anayeenda Makete kila wiki na mzigo, mimi nisingezitegemea.

Kufunga: kutoboa

Hapa ndo penye kazi, twende polepole.

Shusha silingi kwanza. Viwambo vya jua, taa ya ndani, vishikio vya mkono, ile mipira ya mlangoni, silingi inashuka yenyewe, mtu wa pili aishike isivunjike katikati. Sasa angalia juu: utaona vyuma vya kukatiza, waya za taa, pengine waya wa antena, na kwenye gari mpya kando ya paa kuna mfuko wa hewa umekunjwa kwenye bomba refu la kitambaa. Kama gari yako ina mifuko hiyo ya pembeni usitoboe karibu nayo hata kwa sentimita chache, wala boliti isitokeze ikauelekea. Hapo bora ununue keria ya modeli yako.

Alama ziwe pale chuma cha kukatiza kinapokutana na mkunjo wa pembeni. Bandika maskingi tepu, chora msalaba, piga pointi kwa msumari wa chuma na nyundo ili biti isitembee. Funga tepu kwenye biti kama kipimo cha kina, sentimita moja kutoka ncha inatosha, usijekuzama ukala waya. Anza na biti ya 3, kisha 6, malizia na 9 kwa boliti ya M8 inayopita mpaka ndani. Kama ndani hapafikiki unatumia nati za kupachika, nati ya M8 inataka tundu la 11, na chagua za chuma.

Ukishatoboa usikimbilie boliti. Piga faili kingo za tundu, kusanya vumbi lote la chuma kwa sumaku na kitambaa maana zile chembe zikilowa usiku mmoja tu asubuhi paa lina madoa ya kahawia. Paka praima ndani ya tundu kwa kijiti cha kiberiti chenye pamba, mara mbili, iache ikauke kabisa. Tundu lisilo na praima huku kwetu, hasa kwa watu wa Tukuyu ambako mvua haina likizo, ni kutu ya uhakika.

Kwa ndani, kila boliti iwe na kipande cha bati la milimita 3 chenye ukubwa kama wa kiganja badala ya washa tupu, kilale kwenye chuma cha kukatiza. Hicho ndo kinatoa uzito kwenye bati jembamba na kuupeleka kwenye fremu. Kwa nje inaanza silikoni kuzunguka tundu, juu yake mpira, kisha mguu, na kidogo tena kwenye shingo ya boliti. Kaza mpaka silikoni itokeze kwa usawa, kisha acha. Kesho yake ndo unamalizia kukaza kidogo. M8 ya 8.8 chuma kwa chuma inavumilia nguvu ya kukazia ya Nm 20 hadi 25, ila hapa una mpira na bati katikati, ukiona paa linaanza kubonyea kuzunguka mguu ushapitiliza.

Kabla ya kurudisha silingi mwaga maji. Mtu mmoja juu na ndoo au mpira wa maji kwa dakika 10 hivi, mwingine ndani na tochi na tishu kavu anagusa kila boliti. Tishu ikilowa unajua ni ipi. Ukirudisha silingi kwanza utakuja kujua kwa harufu ya ukungu baada ya wiki tatu.

Jaribio la barabarani

Bila mzigo, zunguka mjini, kisha tafuta kipande cha vumbi. Sikiliza. Mluzi mwembamba ni paipu au tundu lililo wazi, mngurumo wa chini ni fito ya mbele iko karibu na kioo au bapa yake inaukabili upepo, kugonga ni boliti. Baada ya kilomita 50 hivi rudi na spana upitie boliti zote, mpira huwa unakaa na kulegeza kidogo, ni kawaida. Pitia tena baada ya safari ya kwanza ya mzigo.

Gari sasa imekuwa ndefu kwenda juu. Pima kutoka chini mpaka juu kabisa ya keria, andika kwenye kikaratasi ubandike karibu na usukani, maana kuna mageti ya nyumba za wageni na vibanda vya kuoshea magari havina huruma.

Kufunga mzigo

Kamba za manila zinalegea, mikanda yenye rachet ni bora, na ukifunga mkanda usokote mara moja kabla ya kuukaza, ukiwa bapa unanguruma kwenye upepo mpaka kichwa kiume. Mzigo mrefu unafungwa mara mbili kwenye keria na mara moja mbele kushuka kwenye bampa, hiyo ya mbele wengi wanairuka na ndo inayozuia mabati yasinyanyuke. Kinachotokeza nyuma kiwekwe kitambaa chekundu, usiku taa.

Ukiteremka mlima Kitonga na kitu juu ya kebini, shuka gia ya chini tangu juu, usisubiri kona. Uzito ukipanda juu gari inalala zaidi kwenye kona na mwendo uliozoea siyo salama tena, na kwa mbele kuna malori yanayotambaa na kwa nyuma basi linataka kupita. Na watu hawapandi juu ya keria, hata kama ni konda mwenye uzoefu, hata kama ni kutoka hapa mpaka pale Mbalizi.

Wale wanaotaka taa ya LED ndefu juu ya keria, sawa, weka rilei na fyuzi, waya upite kwenye tundu lenye mpira. Ila ukungu wa Isyonje ukishuka zima hiyo taa, inapiga ukuta mweupe mbele yako huoni hata boneti. Taa za ukungu zinakaa chini kwenye bampa.

Matunzo

Kabla ya mvua za Novemba na zikishaisha mwezi wa tano, pitia boliti, angalia silikoni kama imepasuka, kwangua kutu piga rangi. Keria ya aluminiamu yenye boliti za chuma, weka grisi kwenye uzi wa boliti, vile vyuma viwili vikilowa pamoja vinalana na siku ya kufungua utakata kwa grainda. Na kama miezi miwili mbele huna mzigo wa juu ishushe uiweke stoo, inakula mafuta bure kila ukipandisha spidi.